"Fungeni mipaka unga ushuke": tunayoyaamini kuhusu mahindi, na ukweli wake

Unga ukipanda kidogo tu mjini utasikia kwenye daladala, saluni, hadi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, "serikali ifunge mipaka bwana, mahindi yote yanaenda Kenya". Na mi nilikuwa nasema hivyo hivyo, nakaa Dar, bei ya kilo ya sembe ndo ilikuwa kipimo changu cha uchumi, mpaka mwishoni mwa 2017 nilipoenda Rukwa kwa mjomba nikakuta chumba cha watoto kimejaa mahindi hadi usawa wa dirisha na watoto wamehamishiwa sebuleni.

Tuanze na hiyo hiyo basi, kwamba mpaka ukifungwa unga unashuka na wote tunapona. Kinachoshuka kwanza ni bei ya shambani. Juni 2017 serikali ya Magufuli ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje, anayetaka auze unga sio nafaka, na ukilisikiliza lile wazo halikuwa baya, viwanda vingebaki kwetu, ila mjomba hana kiwanda, ana jembe na plau ya kukodi, na mwaka huo kijiji kizima kina mahindi halafu mnunuzi anayekuja na fuso ni mmoja. Akapewa 26,000 kwa gunia. Mfuko mmoja wa mbolea ilikuwa auze gunia mbili na bado aongezee hela. Na gunia lenyewe usidhani ni lile la kilo 100, ni lumbesa, lina kilemba juu kimeshonwa kwa kamba, sheria ya vipimo hairuhusu kuzidisha kilo 100 lakini mnunuzi akiwa mmoja utabishana na nani? Nilisimama pale nikaona kijana wa dalali anashindilia kwa mguu, debe la saba linaingia, mjomba kageuka anaangalia kuku.

Huku mjini sasa, ule unga una nauli ya lori, una umeme wa mashine, una dalali wa pili na wa tatu, una faida ya mwenye duka, kwa hiyo mkulima akipoteza nusu ya bei yake we hupunguziwi nusu, unapunguziwa vijisenti. Msimu unaofuata aliyepigwa analima kidogo, anahamia alizeti, mahindi yanapungua, bei inapanda, tunarudi kwenye daladala kulalamika. Na wala sio mambo ya rais mmoja, 2008 mahindi yalizuiwa kwenda nje, 2011 yakazuiwa tena.

Wengine watakwambia shida sio bei, shida ni njaa, chakula kikitoka tutakosa. Fungua ramani. Kutoka Sumbawanga hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000 za lori, wakati Zambia ni mwendo wa saa chache, na ukishuka Kasanga unavuka Ziwa Tanganyika upo Kongo. Mahindi ya Rukwa kubaki Rukwa hayamlishi mtu wa Longido, yanabaki tu kwenye vyumba vya watoto. Na marufuku haijawahi kuzuia kila gunia, njia za panya zipo, bodaboda zipo, tofauti ni kwamba anayepita usiku anajilipa kwa hatari aliyobeba na hela hiyo inakatwa kwenye bei ya mkulima.

Sasa hii ya Wakenya. Machi 2021 mamlaka yao ya kilimo na chakula ilitoa barua, mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yana sumukuvu, malori yakajipanga mpakani Namanga na huku mitandaoni tukasema ni roho mbaya tu. Kwa namna walivyofanya nakubaliana na nyie, barua ya ghafla wakati mzigo uko njiani ni uonevu, na ndani ya siku chache wenyewe waliruhusu tena kwa masharti, waagizaji wajisajili na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ila kusema sumukuvu ni uzushi, hapana jamani. 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 wakafa 20. Kenya wenyewe 2004, Makueni na Kitui huko, walikufa zaidi ya 100. Hiki kitu hakina pasipoti, ni sumu ya kuvu anayeota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri au yaliyoloa, na kupika ugali hata masaa mawili hakuiondoi ile sumu.

Na hapa ndo huwa hatuunganishi. Mahindi yaliyokosa soko yanakaa wapi? Chumba kile cha watoto bati linavuja, mvua za Desemba zimeanza, magunia ya chini yamegusa sakafu ya udongo. Shangazi alinifungulia moja, lina harufu ya uvundo na punje zina unga wa kijani. Yaani mpaka unafungwa kulinda chakula halafu chakula kinaozea ndani. Mifuko ile ya kinga njaa, isiyopitisha hewa, ingesaidia, ila anunue na nini.

Visasi ndo kabisa. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu nao walikuwa wamezuia ya kwetu, siku chache baadaye tukaachia mazungumzo yaanze. Kama silaha ya kuwaita wenzako mezani naielewa, kama sera ya kilimo siielewi.

Ya mwisho, ile kwamba biashara na misitu havihusiani. Mkulima asipojua atauza bei gani haweki mbolea, na ardhi ikichoka anafungua pori jipya, moto mmoja tu. Ruzuku ya mbolea ya 2022 iliyoshusha mfuko hadi kwenye 70,000 hivi imepunguza hilo, nasema kwa haki, lakini mjomba alishatangulia. 2018 alifyeka kipande juu ya mto, visiki vya mininga bado vipo shambani. Miti yenyewe alichoma mkaa akauza Sumbawanga mjini, na mkaa ule ndo uliolipa nauli na sare za binti yake aliyekuwa amefaulu kwenda form five, mahindi yalikuwa bado chumbani.