Kushindwa kwa Kifungo cha Nje Si Kosa la Tatu

Jumapili iliyopita, katika kikao cha wakazi wa mtaa wetu hapa Mombasa kilichoitishwa kwa sababu ya wizi wa usiku, jirani mmoja alisimama akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye niliyekunja vyuma vya dirisha lake. "Mzee wetu, kijana huyu alipewa kifungo cha nje, akavunja tena. Sasa mtampa miaka kumi au mtambembeleza?" Swali hilo nimeulizwa matangani, kwa kinyozi, na hata na mawakili. Kwa kuwa niliketi kwenye kiti cha hakimu miaka kumi na minne kabla ya kurudi kwenye uwakili, naomba nilijibu kwa urefu mara hii moja, ili nikienda kunyolewa ninyolewe tu.

Hiyo miaka kumi, kwanza, ni upeo wa adhabu ya kuvunja nyumba usiku, na usiku wa sheria yetu ya Kenya huanza saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchana upeo ni miaka saba. Kuvunja nako hakuhitaji nyundo, maana kusukuma mlango uliorudishwa tu kunatosha. Kuiba ndani ya nyumba ya makazi kitu cha thamani inayozidi shilingi 100 kuna upeo wa miaka 14, kwa hiyo jirani yangu, pamoja na ukali wake wote, alikuwa ameomba pungufu. Upeo, hata hivyo, umewekewa tukio baya kupita yote ya aina yake, na mtungi wa gesi uliopitishwa dirishani wenyewe wakiwa harusini si tukio hilo.

Jambo linaloniudhi ni hesabu. Hakimu anapotoa amri ya probesheni, yaani hicho kifungo cha nje chini ya uangalizi wa afisa, amri ambayo haipungui miezi sita wala kuzidi miaka mitatu, huwa hajampa mkosaji adhabu akaisamehe. Ameiacha adhabu ikisubiri. Ni lazima amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba akikiuka masharti, au akitenda kosa jingine, ataitwa aje aadhibiwe kwa kosa lile la kwanza, na ni lazima mkosaji mwenyewe akubali. Basi anapovunja nyumba ya pili ana madeni mawili, la zamani ambalo limefufuka na jipya ambalo lina adhabu yake. Deni la tatu, linaloitwa "kuidharau huruma ya mahakama", halimo katika kitabu chochote nilichopata kufungua. Hata hivyo nimesikia viongozi wa mashtaka wakiomba kosa la zamani liadhibiwe, kisha litumiwe kuzidisha adhabu ya kosa jipya, kisha kushindwa kwa probesheni kuzidishe tena, jambo ambalo ni sawa na utingo kumtoza abiria nauli mara tatu kwa safari moja ya kutoka Bamburi hadi mjini. Sisemi kwamba rekodi ya awali haina uzito. Inaonyesha kwamba onyo lilitolewa na halikusikika, na hakimu anaruhusiwa kuizingatia. Asichoruhusiwa ni kuihesabu tena kila anapogeuza ukurasa.

Na kushindwa kwenyewe ni kupi? Nimesoma ripoti nyingi za maafisa wa probesheni zilizosema kwa mstari mmoja kwamba mshtakiwa "hakutoa ushirikiano", na mstari huo ni sawa na daktari kuandika kwamba mgonjwa hakupona. Kijana mmoja aliyeletwa mbele yangu alikuwa teja, mraibu wa heroini, amri ilimtaka aripoti kila wiki na aendelee na methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, na kwa miezi minane alifanya yote mawili. Kisha akakamatwa katika msako mtaani, akalala rumande siku kadhaa bila dawa, akaachiliwa bila shtaka. Mtu aliyekosa methadoni siku kadhaa mfululizo harudishiwi kipimo chake cha zamani. Huanzishwa upya kwa kipimo cha chini kwa usalama wake, na mwili uliozoea kipimo kikubwa hauelewi maelezo hayo. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, ilimshika, na wiki iliyofuata akavunja nyumba. Mwingine, wa umri uleule na kosa lilelile, hakuripoti hata siku moja, akahamia ng'ambo ya kivuko, akaendelea na kazi yake ya madirisha. Kwenye faili wote wawili wameandikwa kwamba walishindwa, lakini kuwapa adhabu moja kwa sababu ya neno hilo ni uvivu tu.

Isitoshe, mara nyingi mabishano haya yote hayafiki mahakamani, kwa sababu kiongozi wa mashtaka husimama na kusema, "Hatuna rekodi zake za awali, achukuliwe kama mkosaji wa kwanza." Alama za vidole hazijarudi, au alitoa jina la babu yake. Mtaa mzima unajua idadi ya madirisha yake isipokuwa hakimu, naye hawezi kuadhibu kwa uvumi.

Yule wa methadoni nilimpa miaka miwili kwa kosa la kwanza na mitatu kwa la pili, adhabu zikifuatana kwa kuwa ni matukio mawili tofauti. Adhabu za kuvunja na kuiba kwa usiku mmoja ndizo huenda pamoja, yaani hutumikiwa kwa wakati mmoja. Kutoka miezi hiyo 60 niliondoa saba aliyokaa rumande akisubiri kesi, kama sheria inavyotaka, ikabaki 53, na kwa msamaha wa theluthi moja ambao mfungwa mwenye nidhamu hupata, angetoka kabla ya kutimiza miaka mitatu. Jirani yangu angesema ni kidogo. Mimi sina hakika kama haikuwa nyingi. Miongozo ya utoaji adhabu ya mwaka 2016, na ile ya 2023 iliyofuata, hutaja malengo mengi, yakiwemo kuadhibu, kuzuia, kurekebisha na kulinda jamii, na usiku ule nilipoandika uamuzi malengo hayo yalivutana hadi nikachagua namba ambayo hadi leo siwezi kuitetea dhidi ya namba iliyo jirani yake. Kabla yake niliwahi kumwongezea mwingine probesheni ya pili, akaenda kuchukua cherehani ya mjane. Nilikuwa na sababu nzuri, na ningeweza kuzisoma tena hapa, lakini mjane hakurudi kushona.

Siku ya hukumu ya kijana wa methadoni, mwenye nyumba alisikiliza miaka yote ile hadi mwisho, kisha akainua mkono. "Mheshimiwa, na mtungi wangu?" Ulikuwa kielelezo namba tatu, umewekwa sakafuni kando ya meza ya karani, na katika kurasa zangu kumi na moja sikuwa nimeandika amri ya kuurudisha. Niliiandika palepale, nikamweleza kwamba lazima asubiri siku 14 za kukata rufaa zipite. Akauliza apikie nini hadi wakati huo.