Koki ya mfongo na kufuli lake

Kijana mmoja wa hapa Moshi alituletea kifaa alichokiunda cha kufungua na kufunga maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, kwa redio, ili baba yake asipande tena mlima usiku zamu yao ya maji inapofika. Kazi nzuri kabisa. Ujumbe aliuficha kwa kuchanganya kila baiti na namba moja ya siri. Tukaweka redio ya pili mezani, tukanasa ujumbe wake wa "fungua", tukaurusha tena vilevile. Koki ikafunguka. Ile namba hatukuijua, wala hatukuihitaji.

Ndiyo maana nawasihi mafundi wetu: msijitungie njia ya kusimba, yaani ya kuficha ujumbe kwa ufunguo wa siri. Zipo zilizopekuliwa na wataalamu kwa miaka, na zinaenea hata kwenye Arduino Uno, kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kilobaiti 2. Mojawapo, AES ya biti 128, inafaa kazi nyingi, na chipu ya ESP32 ina sehemu maalumu ya kuikokotoa. Chipu isiyo na sehemu hiyo ifikirie Ascon, iliyochaguliwa mwaka 2023 na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mahsusi kwa vifaa vidogo. Inaficha ujumbe na papo hapo kuupiga muhuri; biti moja ikichezewa njiani, kifaa kinaukataa. Kwa koki, muhuri ni mkubwa kuliko siri. Jirani akijua umefungua maji, si neno. Akiweza kuyafungua yeye, huo ni ugomvi wa ukoo mzima.

Muhuri peke yake hauzuii ujumbe ulionaswa kurushwa tena. Kila ujumbe uwe na namba yake, na koki ikatae namba yoyote isiyozidi ya mwisho. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: umeme ukikatika, hesabu inaanza upya sifuri, namba zinarudiwa, na kwa Ascon hiyo inavujisha siri. Hifadhi hesabu kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Koki ya mara chache kwa siku haina shida, lakini EEPROM ya Uno imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Kihisi kinachotuma kila dakika kitazimaliza kwa siku 70 hivi. Basi andika 100 kabla ya kuanza, tumia namba zilizo chini yake, zikiisha ndipo uandike 200. Umeme ukirudi, soma namba iliyoandikwa, andika iliyoizidi kwa 100, ndipo uanzie kwenye ile uliyoisoma.

Na kila koki ipewe ufunguo wake. Ikiibwa moja shambani na chipu yake ikasomwa, nyingine zote za mfongo zibaki salama.