Tazama Paa Kwanza, Rangi Baadaye

Kila mwaka, Januari ikielekea kuisha, huomba ruhusa kazini nikaenda Pomona, California, kwenye maonyesho ya hotirodi yaitwayo Grand National Roadster Show. Mimi ni fundi bodi. Nilianza kunyoosha mabati gerejini Mombasa, na sasa nakata na kuunga magari ya zamani huku Marekani. Pale ukumbini huwaona watu wakisimama mbele ya gari jekundu linalong'aa kama kioo, wanapiga picha mbili tatu, wanahamia kwa jingine. Rangi wameiona, gari hawajaliona. Hilo huniuma, maana najua saa zilizozikwa chini ya rangi ile.

Hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lililovuliwa kisichohitajika na kuongezewa nguvu. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakiyapeleka magari haya kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, Muroc na El Mirage, kupimana mbio. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda SCTA, chama cha kusimamia mbio hizo, mashindano yakawa na kanuni. Madigadi yaling'olewa kwa sababu ni mzigo. Paa lilishushwa ili upepo upate pa kupita. Mengi ya yale tunayoyaita urembo leo yalianza kama hesabu ya mwendo.

Katika ukumbi ule Ford ya 1932 utaikuta kila upande. Wengi watakwambia ni kwa ajili ya injini, na kweli mwaka ule Henry Ford alileta V8, injini ya silinda nane, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua: inchi za ujazo 221, kama lita 3.6, nguvu farasi 65. Lakini mimi kama fundi bodi nasema ni chasisi, fremu ya chini inayobeba bodi. Ubavuni ina mfinyo uliopigwa kiwandani, mstari unaofuata umbo la bodi, kwa kuwa chasisi hiyo ilitengenezwa ionekane. Ukiivua madigadi, bado imevaa.

Injini yenyewe wanaiita fletihedi, kichwa bapa, kwa sababu valvu zimo ndani ya bloku na silinda hedi imelala juu kama kifuniko cha sufuria. Ubaya wake ni joto. Moshi hupita ndani ya bloku, umezungukwa na maji, ndipo utoke kwenye ekzosi, kwa hiyo maji hubeba moto usio wao. Ndiyo maana mimi hutazama rejeta, inayopoza maji hayo, kabla ya kuhesabu kabureta.

Sasa paa. Kushusha paa ni kukata nguzo za madirisha, kutoa inchi mbili, tatu au zaidi, kisha kulirudisha paa chini na kuunga. Kwa maneno ni rahisi. Nguzo zikiwa zimesimama wima, kipande cha juu kitashuka na kukutana na cha chini. Lakini chukua kupe, yaani gari la milango miwili lenye paa la bati, ya Ford ya 1934. Nguzo za mbele zimelala kuelekea nyuma, na mgongo wa paa umelala kuelekea mbele. Ukitoa inchi tatu, kipande cha juu kinashuka kikiwa kifupi: mbele hakifiki, nyuma hakifiki. Hapo fundi ana njia mbili. Aukate mwili wa paa na kuongeza bati katikati, au azilaze nguzo zaidi zilifuate paa. Vyovyote atakavyochagua, fremu za milango lazima zikatwe kwa kipimo kilekile. Gari langu la kwanza la namna hii nilikata paa zuri, nikasahau kuufunga mlango wakati wa kuunga. Bati lilivuta kwa joto, mlango ukagoma kuingia, nikafungua kazi ya wiki mbili. Tangu siku ile siwashi moto bila milango yote kuwa imefungwa mahali pake.

Kwa hiyo ukifika mbele ya kupe, chutama. Jicho lako liwe sawa na ukingo wa dirisha, ufuate mstari wa paa toka mbele hadi nyuma. Ukiona tumbo au bonde, hapo ndipo fundi alipochoka. Tazama pia kama dirisha la nyuma limepungua kwa uwiano na ya pembeni.

Mafundi wa zamani hawakuwa na puti, ule udongo wa kujazia bati. Walijaza maungio kwa risasi, ile metali laini: chuma kinasafishwa hadi king'are, kinapakwa lehemu, kisha risasi inapashwa moto hadi ilegee kama siagi na kusukumwa kwa kibao kilichopakwa nta au mafuta ya mnyama. Baadaye tupa, si msasa, maana vumbi la risasi ni sumu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu miongo. Puti nene ikipakwa juu ya ungio bovu itapasuka, na rangi haitaizuia.

Ukiwa chini hapo, chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Ford ya 1932 ilitoka na breki za vyuma vya kuvuta; kampuni ilianza kutumia breki za mafuta mwaka 1939. Mjenzi mwenye akili huzihamishia hizo kwenye gari lake.

Tuzo kubwa pale hupewa rodista, gari la wazi lisilo na paa la bati, ya Kimarekani ya 1937 au ya kabla ya hapo. Mshindi wa kwanza, mwaka 1950, maonyesho yakiwa bado Oakland, alikuwa Bill NieKamp. Gari lake lilikuwa na bodi ya Ford ya 1929 juu ya chasisi ya gari la Essex la 1927. Miaka miwili baada ya kushinda alilipeleka El Mirage, likapita maili 140 kwa saa. Gari la tuzo, lipigwe vumbi la jangwani! Nalipenda gari lile kuliko yote yaliyofuata.

Kabla hujaondoka, mwombe mwenye gari kwa adabu akufungulie mlango mmoja na kuufunga tena. Usiuguse wewe. Tega sikio: mlango uliokaa sawa hujifunga kwa sauti moja fupi, bila kusukumwa mara ya pili.