Zooplanktoni: neno la mkondo, si la udogo

Nimeisoma mara nyingi mno sentensi inayosema kwamba zooplanktoni ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoelea juu ya maji. Ina makosa matatu, na la tatu ndilo linalomzuia msomaji kuelewa maisha ya viumbe hawa katika bahari ambamo maji ya kilindini hupanda yakiwa na oksijeni kidogo. Maana yenyewe ni fupi: zooplanktoni ni wanyama wa majini wasioweza kuogelea kwa nguvu ya kuushinda mkondo unaowachukua. Fitoplanktoni, viumbe wa majini walio mfano wa mimea, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua; zooplanktoni huwala hao, au hulana wao kwa wao.

Neno planktoni lilibuniwa mwaka 1887 na Victor Hensen, mtaalamu wa fiziolojia wa Kiel nchini Ujerumani, kutokana na neno la Kigiriki planktos, lenye maana ya anayetangatanga, aliyepotezwa njia. Hensen alikusudia kila kitu kinachochukuliwa na maji, kiwe hai au kimekufa; ni baadaye ndipo wataalamu walipoliwekea mpaka na kubakiza viumbe hai peke yao. Katika historia yote hiyo hakuna mahali ambapo udogo umewekwa kuwa sharti, na hilo ndilo kosa la kwanza. Yavuyavu aitwaye Nemopilema nomurai, wa bahari za Japani na China, anaweza kufikia uzito wa takriban kilo 200, naye ni zooplanktoni sawasawa na kopepodi, mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita mbili, kwa sababu wote wawili huenda uendako mkondo. Mabuu ya kaa na ya samaki nayo yamo, lakini kwa muda tu: yanapokua, hulitoka kundi hilo.

Kosa la pili limo katika kitenzi kuelea. Ubao huelea, na haufanyi kazi yoyote ili usizame. Wengi wa wanyama hawa ni wazito kidogo kuliko maji ya bahari, na wangeacha kuogelea wangezama polepole. Kutangatanga na kuelea ni mambo mawili, na Kigiriki kilichagua la kwanza.

Kosa la tatu ni hayo maneno "juu ya maji", kwa kuwa wengi wao hupanda na kushuka. Katika pwani za Peru na Chile, za Namibia, za California, na ile ya Somalia wakati wa kusi, upepo unaovuma sambamba na nchi kavu, ukisaidiwa na mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na nafasi yake hujazwa na maji baridi yenye virutubisho yanayopanda kutoka chini. Fitoplanktoni husitawi kwa wingi, mabaki yao huzama, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ambayo tayari ilikuwa haba, kwa kuwa maji hayo yalikwisha kukaa muda mrefu bila kugusana na hewa. Wanasayansi wengi huhesabu maji kuwa na upungufu wa oksijeni inapokuwa chini ya miligramu 2 hivi kwa lita, ilhali maji ya juu huwa nayo mara tatu hadi nne ya kiasi hicho. Nje ya Peru, tabaka ambalo karibu halina oksijeni kabisa huanza, mahali pengine, kabla ya kina cha mita 50.

Hapa ndipo tofauti ninayoipigania inapokuwa na uzito. Mkondo wa mlalo huenda kilomita nyingi kwa siku, na kopepodi hauwezi. Lakini maji yanayopanda huenda mita chache tu, au makumi ya mita, kwa siku, na huo anaushinda. Kwa hiyo mnyama yuleyule aliye mnyonge mbele ya mkondo mmoja ni hodari mbele ya mwingine. Wengi hushuka alfajiri kuyakwepa macho ya samaki na kupanda jioni kula, na baadhi husafiri hivyo mamia ya mita. Kushuka huko kuna faida nyingine: tabaka la juu huelekea bahari kuu, la chini hurudi pwani, na anayejua kubadili kina hubadili mkondo unaombeba. Kutangatanga kwake kuna ustadi ndani yake.

Oksijeni inapopungua chini, mlango huo hufungwa kwa asiyeweza kuvumilia. Hubanwa katika tabaka jembamba la juu, lenye mwanga, ambako samaki humwona na mkondo humpeleka mbali na pwani. Wengine wamejaliwa uvumilivu: krili (mnyama anayefanana na kamba mdogo) aitwaye Euphausia mucronata, wa mkondo wa Humboldt unaopita pwani za Peru na Chile, hushinda mchana ndani ya maji hayo haba na kupanda usiku, na kopepodi Eucalanus inermis huishi humo kwa kupunguza matumizi ya nguvu za mwili wake. Kopepodi wa jenasi Calanoides, msimu wa kupanda kwa maji unapokwisha, hushuka kilindini wakiwa hawajakomaa na kulala humo, wakitegemea mafuta waliyojiwekea mwilini, hadi msimu mwingine. Kuyaita maji hayo mfu ni kuwasahau wote hawa.

Ningewaomba wanaoandika juu ya jambo hili waseme "wanyama wanaochukuliwa na mkondo" badala ya "vijidudu vinavyoelea". Nao wakitaja mahali walipowakuta, wataje pia kina na saa, kwa sababu wavu ulioshushwa mita 20 adhuhuri na ule ulioshushwa hapohapo usiku wa manane hauleti wanyama walewale.