Gari likilala usiku, usianze na kompresa

Asubuhi ya Juni pale Area D, baridi ya Dodoma bado haijaachia, unakuta Range Rover imelala upande mmoja kama punda aliyezidiwa mzigo. Mwenyewe anatoka na funguo mkononi: "Kompresa imekufa." Mara nyingi sivyo. Kinachovuja ni mfuko wa mpira uliojaa upepo, unaobeba gari badala ya springi ya chuma, au bomba la upepo. Kompresa yenyewe, yaani pampu ya upepo, inahangaika kujaza ndoo iliyotoboka mpaka inaungua. Ukiisikia ikinguruma kila mara, nenda kwa fundi kabla ya kulipia vitu viwili.

Kipimo ni rahisi: gari likiwa limejaa upepo, nyunyizia maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mifuko na maungio ya mabomba, uangalie povu linatokea wapi. Usijiingize chini ya gari lililoshikwa na upepo peke yake, hata kwa dakika moja.

Wengine husema: "Mpira haujapasuka, kwa hiyo mzima." Sivyo. Mfuko huanza na nyufa nyembamba kwenye mikunjo, ambako vumbi la mitaani hujipenyeza na kusaga gari linapopanda na kushuka. Ndiyo maana mfuko unaweza kuvuja gari likiwa kwenye kimo kimoja, kwenye kingine ukatulia, na fundi akakuambia hajaona kitu.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni hiki: gari halishuki usiku, basi shokapu ziko sawa. Kubeba ni kazi ya mfuko. Kutuliza mdundo ni kazi ya shokapu yenye mafuta ndani. Ukivuka tuta gari likaendelea kudunda, tairi zikalika kwa mabaka, au shokapu ikalowa mafuta, imechoka hata kama gari linasimama wima. Kwenye Discovery 3 mfuko na shokapu ni kipande kimoja, kwa kawaida unabadilisha vyote. Prado 120 zenye mifuko ya upepo nyuma, vimetengana. Usikubali kuuziwa vyote bila sababu.

Vinadumu kilomita ngapi, mfuko na shokapu? Hakuna namba moja. Gari la lami ya Mtumba halizeeki sawa na linaloingia vijiji vya Chemba kila wiki.

Kufunga springi za chuma kunawezekana kwa magari mengi, ila utapoteza kupandisha na kushusha gari, na taa ya dashibodi inaweza kukusumbua. Mifuko iliyotumika mimi sinunui: mpira huzeeka hata ukiwa umekaa dukani.