Babu wa Kimarekani wa miaka ya 1800: hadithi za mezani na karatasi zinavyosema

Nimeoa Marekani, na ukweni kwangu kuna sanduku la bati lina karatasi za wazee wao wa miaka ya 1800, kila Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani, linafunguliwa na kila mtu anatoa hadithi yake. Mama mkwe akanikabidhi mimi nizipange, eti ndo nina subira. Nimezipanga, nikaanza kusoma na za familia zingine, na kumbe hadithi ni zile zile tu kila nyumba, na nyingi ukizisogeza karibu na karatasi zinayeyuka. Hapa siongelei kina rais Lincoln, naongelea wakulima na wafuma nguo, watu wa kawaida kabisa.

Eti jina letu lilibadilishwa na ofisa wa Ellis Island. Hii ndo inaongoza. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kwa hiyo babu aliyeshuka New York mwaka 1870 hakupita pale hata kwa bahati mbaya, alipita Castle Garden iliyopokea wahamiaji toka 1855 mpaka 1890, na aliyekuja kabla ya hapo alishuka bandarini akabeba mzigo wake akaenda. Halafu hata hao waliopita Ellis Island, ofisa hakuwa anawaandika majina upya, alikuwa na orodha ya abiria iliyoandikwa na watu wa meli huko huko Hamburg au Liverpool, yeye anaita na kuhakikisha, na wakalimani walikuwepo. Sasa Müller kawaje Miller? Kajibadilisha mwenyewe taratibu, leo kwa mwajiri, kesho kwa mwenye duka, keshokutwa kanisani, na sheria za kule zilimruhusu mtu kuanza kutumia jina lingine bila kwenda mahakamani ilimradi hakuna utapeli. Ongeza karani wa sensa anayeandika alivyosikia, jina moja nimelikuta na spelingi nne kwenye karatasi nne na ni mzee yule yule. Mama mkwe nimemweleza haya yote, akanisikiliza vizuri sana, mwaka uliofuata kaisimulia tena Ellis Island vile vile.

Hapo hapo kwenye majina kuna mtego mwingine. Ukiona "Junior" usikimbilie kusema ni mtoto wa "Senior", zamani kijiji kikiwa na watu wawili wa jina moja yule mdogo aliitwa Junior, hata kama ni mtu na mjomba wake au hawana undugu wowote, na mkubwa akifa Junior anapanda cheo. Na mtoto akifa, anayezaliwa baadae mara nyingi anapewa jina la marehemu, kwa hiyo John wawili wa mama mmoja sio karani kakosea, ni msiba ulipita hapo.

Eti mabinti waliolewa na miaka 13. Wachache ndio, na sheria za majimbo mengi zilikuwa zinaruhusu umri mdogo wa kutisha, ila sensa ya 1890 inaonyesha nusu ya wanaume walikuwa wameoa kufikia kama miaka 26 na wanawake kama 22. Kijana alisubiri mpaka apate shamba au kazi.

Eti watu walikufa na miaka 40, wazee hawakuwepo. Mwaka 1900 wastani wa umri wa kuishi Marekani ulikuwa kama miaka 47, sawa, lakini huo ni wastani, na unashushwa na watoto. Katikati ya miaka ya 1800 karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa hafikishi mwaka. Aliyevuka akafika 20 alikuwa na matumaini ya kuishi mingine 40 hivi, ndo maana makaburini kule unakutana na mabibi wa miaka 80 wamezungukwa na vijiwe vidogo vidogo vya watoto wao.

Sasa hii ya ardhi. Eti serikali iliwapa shamba bure, wakatajirika. Sheria ya Homestead ilisainiwa na Lincoln Mei 1862 ikaanza kazi Januari 1863, ekari 160, ada jumla kama dola 18, sharti uishi pale miaka mitano, ujenge na ulime. Ukisikia hivo unasema jamani, bure kabisa! Ila maksai wa nani, plau ya nani, kisima nani anachimba, mbegu zinatoka wapi? Kansas na Nebraska sehemu nyingi hazina miti, kwa hiyo watu walikata ardhi yenyewe pamoja na mizizi ya majani vipande vipande kama matofali wakajengea nyumba, mvua ikinyesha dari inadondosha tope siku mbili baada ya mvua kukatika, na kuni hakuna wanapikia mavi makavu ya nyati na ng'ombe. Halafu mwaka 1874 wakaja nzige, sio nzige wa mchezo, walimaliza mahindi wakahamia kwenye nguo zilizoanikwa na mipini ya majembe kwa sababu ya chumvi ya jasho. Wengi walifungasha wakarudi mashariki kabla ya miaka mitano. Waliofanikiwa kupata hati kwa miaka yote ya sheria ile ni kama milioni 1.6, na kuna wengi pia waliojiandikisha wakashindwa. Na hiyo bure yenyewe ilikuwa ardhi ya wenyeji, wamenyang'anywa kwa mikataba iliyovunjwa mmoja baada ya mwingine, hii mezani huwa haitajwi. Kitu kingine ambacho hakitajwi ni wanawake: mjane au binti asiyeolewa mwenye miaka 21 aliweza kuchukua ekari zake kwa jina lake mwenyewe, wapo walioahirisha harusi mpaka hati itoke. Mke wa mtu kwa kawaida hakuruhusiwa.

Safari ya kwenda huko nayo sio ya sinema. Waliokwenda mpaka Oregon walitembea kwa miguu kama kilomita 3,200 pembeni ya gari linalovutwa na maksai, miezi minne mpaka sita, na wengi zaidi waliuawa na kipindupindu na maradhi mengine kuliko mishale.

Eti bibi alikaa nyumbani tu. Hapa nilisimama kidogo kwa sababu inatuhusu sisi wa pwani. Kwenye miaka ya 1830 na 1840 mabinti wa wakulima wa New England walikwenda viwanda vya pamba vya Lowell, Massachusetts, wanalala bwenini, kengele inawaamsha kabla jua halijatoka, kazi masaa 12 au 13, na mwaka 1834 na 1836 waligoma kwa sababu ya hela. Viwanda vya Massachusetts ndo vilifuma kile kitambaa kigumu ambacho wafanyabiashara wa Salem walikileta Zanzibar baada ya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, bibi zetu wakakiita merikani. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na vita vyao vya Kaskazini na Kusini vilipoanza 1861 pamba ikakatika na merikani ikaadimika huku kwetu. Yani nguo moja, mlimaji, mfumaji na mvaaji hawajawahi kuonana.

Eti watu weusi walichukua jina la bwana wa mwisho aliyewamiliki, na kabla ya 1870 hawana rekodi. Mume wa shemeji yangu ni mtu mweusi, ukoo wake unatoka Georgia, kwa hiyo hili nimelifuatilia kwa ajili yake. Ni kweli 1870 ni ukuta, ndo sensa ya kwanza baada ya utumwa. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha za watumwa zenye jina la mmiliki, halafu chini yake umri, jinsia, rangi, bila jina, mstari baada ya mstari, na mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Ila jina la ukoo wengi walichagua wenyewe, wengine la baba, wengine la bwana wa zamani zaidi ili ndugu waliouzwa waweze kuwapata, wengine jipya kabisa: Frederick Douglass, mpinga utumwa maarufu, alizaliwa Bailey, akabadilisha baada ya kutoroka 1838, na mwalimu Booker T. Washington alijipachika Washington siku anaulizwa jina shuleni. Na karatasi zipo. Benki ya watu walioachiwa huru, iliyoanzishwa 1865, fomu zake ziliuliza jina la baba, mama, ndugu, saa nyingine mpaka bwana wa zamani. Benki ilianguka 1874 ikazama na akiba za watu, fomu zikabaki. Na kwenye magazeti kama Christian Recorder la Philadelphia kuna matangazo ya watu wanatafuta mama au mtoto aliyeuzwa miaka 20 iliyopita, wanataja nani alimuuza na alipelekwa jimbo gani. Nilisoma matano nikafunga kompyuta.

Ya mwisho, eti tafuta cheti cha kuzaliwa. Majimbo mengi hayakuwa na usajili wa vizazi wa jimbo zima mpaka karne ya 20, na karatasi za sensa ya 1890 zilipotea karibu zote baada ya moto wa Januari 1921 Washington, zilibaki takwimu zilizokuwa zimeshachapishwa. Watu waliandika vizazi kwenye Biblia ya nyumbani. Ya ukweni ipo sandukuni, ina ukurasa mmoja umechanwa, ule ule wa kuandikia familia, na miaka yote analaumiwa mjomba mmoja kwamba aliuchana utotoni. Sasa mzee wao alipigana upande wa Kaskazini, na mjane akitaka pensheni ilibidi athibitishe ndoa na umri wa watoto, cheti hana, wengi walichana ukurasa wa Biblia wakautuma Washington na haukurudi, upo mpaka leo kwenye mafaili ya nyaraka za taifa. Nimeagiza nakala ya faili la yule bibi. Mjomba nimemwambia asubiri kidogo kabla hajaomba radhi tena.