Kuweka oili nzito kuliko aliyoagiza mtengenezaji wa gari

Kitabu cha gari kinasema 0W-20, fundi anamimina 20W-50 na kukuhakikishia kwamba "hii ndiyo inalinda injini". Hapo umepandishiwa uzito wa oili, yaani umewekewa oili yenye mnato mkubwa kuliko ule ambao injini ilipangiwa. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu injini imechoka, wapo wanaofanya kwa sababu ya joto au mizigo mizito, na wapo wanaofanya kwa imani tu kwamba kilicho kizito ndicho imara. Sababu hizo hazilingani uzito, kwa hiyo jibu nalo haliwi moja.

Kwanza zile namba. Namba yenye W inahusu tabia ya oili kwenye baridi: 0W hupimwa kama injini inaweza kuzungushwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili inahusu oili iliyokwisha kupata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa mujibu wa kanuni za SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, oili ya 20 inatakiwa iwe na mnato wa kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 6.9 na 9.3, ya 30 kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Ukiziangalia vizuri utaona kwamba oili ya 30 iliyo karibu na ukingo wa juu na ya 40 iliyo karibu na ukingo wa chini ni kama ndugu wa kuzaliwa, ila vibandiko ndivyo tofauti. Kuruka kutoka 20 hadi 50 ni habari nyingine: mnato unaweza kuongezeka mara mbili na zaidi.

Na hizo ni namba za injini ikiwa moto. Asubuhi, kabla gari halijapata joto, tofauti ni kubwa zaidi. Kwenye nyuzi 40 tu, 5W-30 ya kawaida huwa na sentistoki 60 hadi 70 hivi, wakati 20W-50 nyingi hupita 150. Watu wengi hulinganisha oili kwa kuangalia namba ya mwisho na kusahau dakika za mwanzo, wakati safari fupi za kila siku karibu zote huishia ndani ya dakika hizo.

Sasa mnato unafanya kazi gani? Krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka kwa kasi haigusi beringi zake. Kati yao kuna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na krenki yenyewe kwa kuzunguka kwake huivuta oili na kuisukumiza kwenye nafasi hiyo mpaka utando wake unabeba mzigo wote. Oili nzito hutengeneza utando mnene. Faida hiyo ni ya kweli, na anayesema oili nzito haina kazi yoyote naye anapotosha. Mzigo ukizidi, oili ikichemka kupita kawaida, au petroli ikivuja kidogo kidogo na kuipunguza nguvu oili iliyomo kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), utando mnene unakupa akiba.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Vitabu vingi vya Toyota vinavyopendekeza 0W-20 vinaeleza pia kwamba oili yenye mnato mkubwa zaidi inaweza kufaa gari likiendeshwa kwa mwendo mkali au likibeba mzigo mzito kupita kiasi. Ford ilitumia 5W-20 kwenye Mustang ya kawaida ya V8 ya lita 5.0, lakini Boss 302 ya 2012 na 2013, gari lililoundwa kwa ajili ya kukimbizwa kwenye viwanja vya mbio, lilitoka kiwandani na 5W-50. Mfano mkubwa zaidi ni wa Aprili 2025: General Motors iliyaita magari karibu 600,000 nchini Marekani yarudishwe kukaguliwa, yenye injini ya V8 ya lita 6.2, kwa sababu ya kasoro kwenye krenki na konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki). Injini zilizopita ukaguzi hazikubadilishwa. Ziliondolewa 0W-20, zikawekewa 0W-40 pamoja na kifuniko kipya cha oili chenye maandishi ya namba hiyo.

Kwa nini basi waanze na nyepesi? Jibu kubwa ni matumizi ya mafuta, yaani petroli au dizeli. Oili nyepesi haizipi pistoni na krenki kazi kubwa ya kusukumana nayo, na injini hutumia mafuta pungufu kidogo. Kwa dereva mmoja tofauti hiyo haionekani sana. Kwa kampuni inayouza mamilioni ya magari chini ya sheria za matumizi ya mafuta, ni kitu kikubwa. Ndiyo maana injini ileile unaweza kuikuta na oili moja tu kwenye kitabu cha soko fulani, na orodha ya oili nne kwenye kitabu cha soko jingine. Ila usikimbilie kusema kwamba ni ujanja wa biashara tu. Baada ya kuchagua oili nyepesi, wahandisi hupanga pampu, beringi na njia za oili kwa kuifuata hiyo.

Hapo ndipo gharama ya oili nzito inapoanzia. Pampu ina vali ya kupunguza presha. Oili ikiwa nzito na baridi, presha inapanda haraka, vali inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa nyuma badala ya kwenda mbele kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali) na turbo. Dereva anaangalia geji, anaona mshale umepanda, anafurahi. Lakini geji inaonyesha upinzani, haionyeshi wingi wa oili inayofika: ukiziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, presha inapanda na maji yanayotoka yanapungua. Filta nayo ina vali yake ya kupitishia oili kando, na kwenye oili nzito isiyopata moto vali hiyo hufunguka kwa urahisi zaidi, oili ikapita bila kuchujwa.

Injini za kisasa zina jambo la ziada. Oili kwao ni kilainishi na pia ni kimiminika cha kusukuma mitambo. Mfumo wa kubadilisha muda wa vali, kama VVT-i, husogeza kamshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye vijitundu vidogo. Tapeti za haidroliki, zile zinazosukuma vali, na kikazio cha cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti, hutegemea oili hiyohiyo. Ikichelewa, unasikia mlio wa cheni kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha gari asubuhi, au taa ya injini inawaka na kompyuta inalalamika kwamba kamshafti haifuati amri. Magari ya haibridi, yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, huathirika zaidi na jambo hili, kwa sababu injini yao inazima na kuwaka njiani, na mara nyingi haikai moto muda mrefu.

Halafu oili nzito inajipasha moto yenyewe. Kadiri mnato unavyokuwa mkubwa ndivyo msuguano wa ndani ya oili unavyozaa joto zaidi, na oili ikipanda joto inapungua mnato. Sehemu ya unene ulioununua inapotea palepale kwenye beringi.

Mazoea ya 20W-50 hayakutoka hewani. Magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yaliandikiwa 15W-40 au 20W-50 na watengenezaji wenyewe, na mafundi waliojifunza kazi kwenye injini hizo waliona zikidumu. Kwa injini kama hizo hakuna ubishi, hiyo ndiyo oili yao. Tatizo ni kuihamishia kanuni hiyo kwenye injini ya juzi.

Injini inayokula oili ndiyo inayonipa mashaka zaidi. Ringi zimelika au sili za vali zimekauka, moshi wa bluu unatoka, fundi anaweka oili nzito na moshi unapungua. Kweli unapungua. Ringi hazijapona. Vivyo hivyo taa ya presha ya oili inayowaka gari likiwa limesimama na injini imepata moto: kwa 50 itazima, na beringi zilizolika zitaendelea kulika kimyakimya. Kama gari ni la kuuza wiki ijayo, naelewa kwa nini mtu anafanya hivyo, ingawa anayelinunua hatashukuru. Kama ni lako, pima presha kwa geji ya fundi na pima mgandamizo wa silinda kwanza, ndipo uongelee oili.

Maoni yangu ni kwamba kupanda hatua moja, 5W-30 kwenda 5W-40 kwa mfano, kwenye gari linalovuta trela au lenye kilomita nyingi, mara nyingi hakuna madhara, hasa kama kitabu kinaitaja namba hiyo popote. Kuruka hatua mbili au tatu bila kibali cha kitabu ni kubahatisha, na gari likiwa bado kwenye dhamana ni kumpa muuzaji sababu ya kukukatalia madai.

Ukipanda, usiangalie mnato peke yake. Gari la dizeli lenye filta ya masizi linahitaji oili yenye majivu machache, kama zile za daraja la C la ACEA (chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya), na 20W-50 ya kawaida haimo kwenye kundi hilo. Angalia pia namba ya W: 0W-40 na 15W-40 zikipata moto ziko kwenye daraja moja, lakini wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi, ya kwanza inafika juu ya kamshafti mapema zaidi.